Simu Inajitambulisha, Mnara Haujitambulishi

Mtu wa Katuba akiibiwa pesa ndani ya simu, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Namba ya siri ulimpa nani?" Anaulizwa na mwenye kabini ya pesa za simu, anaulizwa na kijana wa kampuni aliye nyuma ya kaunta, anaulizwa hata na watoto wake nyumbani. Upande wa pili hauulizwi kitu. Aliyempigia alithibitisha vipi kwamba ametumwa na kampuni? Na mnara ulioishika simu yake siku hiyo, ulithibitisha vipi kwamba ni mnara wa kweli? Mimi ni fundi wa simu hapa Katuba, komini ya Lubumbashi, nchini Kongo, nimekaa kwenye meza hii miaka mingi, na nimechoka kusikia swali la kwanza likiulizwa peke yake.

Jirani wa meza yangu ni mama anayeuza mbunga, yaani unga. Ndiye aliyekuwa ameshika pesa za likelemba, yaani mchango wa zamu, za wanawake wenzake, na alizitunza ndani ya simu ya tochi kwa sababu nyumbani mlango haufungi vizuri. Jioni moja akapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole: "Mama, shiye ni batu ba kampuni. Konti yako itafungwa leo." Alimtaja kwa jina lake lote. Akamtajia na pesa aliyotumiwa jana yake. Kisha akamwomba amsomee namba zilizoingia kwenye ujumbe, eti za kuthibitisha konti. Asubuhi simu haikushika mtandao. Laini yake ilikuwa imekwisha kuhamishiwa kadi nyingine, mikononi mwa mtu mwingine, na konti ilikuwa tupu.

Nilimsindikiza kaunta. Akaambiwa, "Mama, namba ulizitoa wewe mwenyewe." Akajibu kwa utulivu ambao mimi nisingeuweza: "Jina langu alilijua. Pesa yangu aliijua. Ni nani mwingine anayejua hayo kama si ninyi?" Kijana aliinamisha macho kwenye kompyuta yake. Alipoinua kichwa, alirudia maneno yale yale.

Kumbuka jinsi mama huyu alivyopata laini. Alionyesha kadi ya mpiga kura, akapigwa picha, akaandikwa jina, mtaa na tarehe ya kuzaliwa. Siku ya kuingia alithibitisha kila kitu. Aliyeichukua laini yake alithibitisha nini, na kwa nani? Hilo hatujaambiwa mpaka leo. Uthibitisho ulikwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa.

Ugonjwa huo haukuanzia kaunta. Umo ndani ya mawimbi yenyewe, toka siku mtandao wa GSM ulipobuniwa Ulaya katika miaka ya 1980. Niueleze taratibu, kwa sababu ni jambo ambalo kila mwenye simu anaweza kulielewa.

Ndani ya kadi ya simu, chini ya kile kijibao cha rangi ya dhahabu, kuna ufunguo wa siri. Nakala yake iko kwenye kompyuta za kampuni. Ukiwasha simu, mtandao unaitumia kadi namba ya kubahatisha yenye biti 128. Kadi inaichanganya namba ile na ufunguo wake, inarudisha jibu la biti 32, na mtandao unalinganisha jibu hilo na la kwake. Yakilingana, unaingia. Ufunguo wenyewe haupiti hewani hata mara moja. Ni kazi safi ya hesabu, na walioibuni wanastahili heshima. Lakini simu hairuhusiwi kuuliza swali lile lile. Katika 2G, ndiyo GSM hiyo, chochote kinachotangaza kwenye masafa yanayofaa na kusema "mimi ni mtandao wako" kinaaminiwa na simu. Kikisema "tuzungumze bila kuficha maneno," simu inakubali. Kanuni zilitaka kioo kimwonyeshe mwenye simu kwamba maneno yake hayafichwi, lakini kadi ilipewa uwezo wa kuizima alama hiyo, nayo kampuni nyingi duniani ziliizima. Ni kama mwenye nyumba kuonyesha kitambulisho kwa mgeni aliyebisha hodi, halafu mgeni anaingia bila kusema jina.

Watafiti waliliona hili mapema. Mwaka 1998 watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba aina moja ya hesabu iliyotumika ndani ya kadi nyingi, COMP128, inaweza kuchokozwa kwa maswali mengi mpaka itoe ufunguo, na kadi ikazaa pacha. Desemba 2009, Mjerumani Karsten Nohl alisimama Berlin akaeleza jinsi majedwali ya takriban terabaiti 2, yaliyopigwa hesabu na watu wengi waliojitolea, yanavyoweza kufungua A5/1, lile fumbo linaloficha mazungumzo ya 2G. Fumbo hilo lilibuniwa mwaka 1987. Ufunguo wake una biti 64, lakini katika mitandao mingi 10 kati ya hizo zilikuwa sifuri tupu, na hivyo kazi ya mvunjaji ikawa nyepesi zaidi ya mara elfu moja.

Kilichonigusa mimi kama fundi ni kilichofuata mwaka mmoja baadaye. Desemba 2010, Nohl na mwenzake Sylvain Munaut walinasa na kufungua mazungumzo ya 2G mbele ya watu kwa kutumia simu nne za Motorola za bei ya chini, kila moja chini ya dola 15, zilizobadilishwa programu ya ndani. Zilikuwa za familia ya C118 na C123. Hizo nazijua. Zimepita mezani pangu, zenye kioo kidogo cha rangi ya majivu na betri inayovimba mgongoni. Wakubwa wa makampuni walikuwa wakisema kwamba kusikiliza mawimbi ya GSM kunahitaji mitambo ya gharama kubwa. Kumbe kulihitaji akili, subira, na simu ambazo Katuba tulizifanya vipuri.

Mwaka 2021 ukaja utafiti mwingine, wa timu ya Ujerumani, Ufaransa na Norway, juu ya GEA-1, fumbo lililowekwa kulinda intaneti ya 2G mwishoni mwa miaka ya 1990. Waligundua kwamba ufunguo wake wa biti 64 una nguvu ya biti 40 tu, na wakaandika kwamba udhaifu wa namna hiyo ni vigumu sana kutokea kwa bahati. Ulipangwa. Taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ikakubali kwamba sheria za zamani za kuuza nje teknolojia ya mafumbo ziliwabana. Sisi ndio "nje" hiyo. Fumbo hilo lilikuwa limekatazwa kwenye simu mpya toka 2013, lakini watafiti walilikuta bado ndani ya simu zilizouzwa kwa fahari mwaka 2018.

Najua jibu litakalotolewa na watu wa makampuni, na ni jibu la haki kiasi: wezi wa Lubumbashi hawavunji A5/1, wanatumia ulimi. Ni kweli. Pesa nyingi zinazopotea mtaani kwetu zinakwenda kwa kupigiwa simu, kwa kuhamishiwa laini, kwa kijana wa kabini anayechungulia vidole vya mteja. Lakini nina mambo mawili ya kusema.

La kwanza: wezi hujifunza. Mwisho wa mwaka 2022, polisi wa Paris walisimamisha gari la mwanamke mmoja na kukuta ndani yake mnara bandia. Gari lilikuwa likizunguka mjini, likinasa simu za wapita njia na kuzitumia ujumbe wa uongo kwa jina la bima ya afya ya Ufaransa. Waliopokea waliona jina wanaloliamini. Ujumbe huo haukupita kwenye kampuni yoyote, kwa hiyo hakuna chujio lolote lililoweza kuuzuia. Ulimi wa mwizi na mnara wa mwizi vilikutana ndani ya gari moja. Uganda nako, Oktoba 2020, wezi hawakuhangaika hata na mteja. Waliingia kupitia kampuni ya kati inayounganisha mabenki na mitandao ya simu, wakachota mabilioni ya shilingi kwa kutumia laini nyingi zilizosajiliwa. Huko, ni bibi yupi alitoa namba yake ya siri?

La pili ndilo linalonichoma zaidi. Anayebaki kwenye 2G ni nani? 3G na 4G zilirekebisha kosa lile: mtandao nao unalazimika kujithibitisha kwa kadi kabla simu haijaukubali. Mwenye simu nzuri, akiwa mahali penye 4G, ana ulinzi huo. Mama wa mbunga hana. Simu yake ya tochi haijui kitu kingine isipokuwa 2G, na ndani yake mna likelemba ya wanawake wote wa msururu ule. Anapobonyeza nyota, namba, na alama ya reli ili kufungua orodha ya pesa, namba yake ya siri inasafiri hewani ikiwa imefunikwa na fumbo la mnara tu, lile lile nililolieleza. Toka M-Pesa ilipoingia nchini kwetu mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money zikiwa mikononi mwa watu, pesa ya maskini imepanda juu ya barabara dhaifu kuliko zote, huku kampuni zikipata ada kwa kila safari.

Wenye simu za kioo nao wasijipongeze haraka. Jioni SNEL, shirika la umeme, inapokata umeme, naangalia simu zilizo mezani: ile alama ya 4G juu ya kioo inatoweka, na mahali pake panakuja herufi E. Herufi hiyo ni EDGE, yaani 2G. Mteja haambiwi lolote. Anaendelea kutuma pesa kama alivyokuwa akituma saa moja iliyopita, kumbe amehamishiwa chumba kisicho na kufuli. Mnara bandia hufanya hivyo hivyo kwa makusudi: unaziba mawimbi ya 4G, simu inatafuta njia nyingine, inaangukia 2G, inakamatwa.

Programu za pesa kwenye simu za kioo nazo zilichunguzwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitazama programu 46 za Android za pesa kutoka nchi zinazoendelea, wakazifungua 7 kwa mkono, mstari kwa mstari. Katika 6 walikuta makosa makubwa 28. Nyingine hazikuhakikisha kama kompyuta zinayozungumza nayo ni ya benki kweli. Tumerudi pale pale: mteja anajieleza, upande wa pili unaaminiwa bure.

Sasa tazama serikali yetu ilipotaka kushughulikia usalama wa simu ilifanya nini. Septemba 2020 ilianzisha RAM, daftari la vifaa vya simu. Sababu tulizopewa zilikuwa za kupendeza: kupambana na wizi wa simu, kuzuia za bandia. Simu ya 2G ililipiwa dola 1 kwa mwaka, ya 3G na kuendelea dola 7, na zilikatwa kwenye yunite, yaani salio, za watu. Wateja walikuja mezani wakidhani simu zao zimeharibika: wameweka yunite asubuhi, mchana hakuna. Nilizifungua, sikukuta kitu kibovu. Wananchi walilalamika mpaka bungeni, na mwaka 2022 ikafutwa. Katika muda wote huo simu zetu zilitambulishwa, zikaandikwa, zikatozwa. Je, kuna mnara hata mmoja uliolazimishwa kutumia fumbo bora? Je, kuna ripoti hata moja iliyobandikwa kwenye ofisi ya komini kutuambia mawimbi ya Katuba yanalindwa na nini? Sijaiona, na mimi ni mtu wa kuisoma.

Ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Tunahitaji utafiti wa hewa ya hapa, unaofanywa na watu wa hapa. Lubumbashi si mji usio na wasomi. Tuna Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kitivo chake cha polytechnique. Tuna ESIS Salama, ambayo vijana wake wengine wamekaa kwenye meza yangu likizo wakijifunza kushika koleo. Vifaa vya kupima mawimbi leo ni kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, bei yake haizidi ya simu ya tochi mbili tatu. Kwa kipokezi hicho mwanafunzi anaweza kuandika, bila kusikiliza neno la mtu yeyote: mnara huu wa 2G unatangaza nini, mnara ule umebadilisha namba zake usiku bila sababu. Kwa simu yake mwenyewe na kadi yake mwenyewe anaweza kujua mtandao unampa fumbo lipi, A5/1 au A5/3 iliyo bora. Ujerumani watu wa Nohl walianzisha ramani ya namna hiyo mwaka 2011, ya nchi kwa nchi, wakipokea vipimo kutoka kwa watu wa kawaida. Ya kwetu ianze na komini kwa komini: Katuba, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Ruashi, na Annexe ambako mawimbi yenyewe ni ya kubahatisha.

Vijana hao wanaogopa, na hofu yao ina msingi. Sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 na Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023 zinaadhibu anayeingia kwenye mfumo wa mtu au kunasa mawasiliano bila ruhusa. Ni sawa, mwizi aadhibiwe. Lakini anayepima simu yake mwenyewe ili aieleze kampuni palipo na tundu asiwekwe kapu moja na mwizi, na hilo liandikwe waziwazi, lisiachwe kwenye hisani ya mkubwa wa siku hiyo. Mathy Vanhoef, wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alipogundua mwaka 2017 kwamba WPA2, ulinzi wa Wi-Fi karibu zote duniani, una kasoro, aliwaambia watengenezaji kwanza, akawapa nafasi ya kuziba, kisha akatangaza. Hakukamatwa. Alishukuriwa, na Wi-Fi ya shule na hospitali za dunia nzima ikawa bora. Kijana wa Katuba mwenye kichwa kama chake afanye nini leo akigundua tundu? Anyamaze, au aliuze kwa mwizi. Njia ya tatu hatujamfungulia.

ARPTC, mamlaka inayosimamia simu nchini, ina uwezo wa kudai kila kampuni itangaze ni fumbo gani inatumia kwenye 2G katika kila mji. Si siri ya biashara. Mvunjaji hodari analijua kwa dakika chache. Asiyejua ni mteja peke yake. A5/3 inakubaliwa na simu nyingi zilizomo mikononi mwa watu, hata za tochi za miaka ya karibuni, na minara mingi haihitaji zaidi ya kubadilishiwa programu. Haitaponya kila kitu, kwa sababu mnara bandia utabaki kuaminiwa na simu ya 2G. Lakini msikilizaji wa pembeni atakuwa ametolewa njiani.

Wapo wanaosema tuizime 2G kabisa, kama AT&T ya Marekani ilivyofanya Januari 2017. Hao hawajakaa Katuba. Ukiizima kesho, umewanyamazisha wazee wetu na umefunga konti za wanawake wa sokoni kwa siku moja. Kabla ya kuizima, mtu apewe simu nyingine ya kushika, na bei yake isizidi mfuko wa mbunga.

Na kaunta nayo isisahauliwe, kwa sababu hapo ndipo damu inapomwagika sasa hivi. Laini ikihamishiwa kadi mpya, pesa ikae bila kutoka kwa siku mbili, na ujumbe uende kwenye kadi ya zamani kabla haijazimwa. Aliyehamisha, jina lake na kabini yake viandikwe, na mwenye laini apewe akidai. Kampuni ikimpigia mteja, imtajie neno ambalo mteja mwenyewe alilichagua siku ya kusajili laini; asiyelijua neno hilo akatiwe simu. Haya hayahitaji setilaiti. Yanahitaji kampuni ikubali kwamba nayo ina wajibu wa kujitambulisha.

Mwenye Android 12 au zaidi anaweza kuanza leo. Fungua mipangilio, ingia kwenye mtandao na SIM, tafuta mahali palipoandikwa kuruhusu 2G, uzime. Si simu zote zina kitufe hicho, na umeme ukikatika huenda ukakosa mawimbi kwa muda. Dharura ikija, kiwashe tena. Asiyekiona aniletee simu, nitamtafutia bila malipo. Wenye simu za tochi nimewaambia ukweli kwamba zao siwezi kuzifanyia chochote kwa bisibisi. Zao zinasubiri uamuzi wa Kinshasa, na barua yangu kwa ARPTC, yenye sahihi za wanawake wa likelemba na ya kwangu, inakwenda juma hili.